Kizibao Chekundu Bondeni

Usiku ule nilikaa kwenye kigoda changu cha kukaangia mandazi, nikakiweka katikati ya geti lililokuwa wazi, na mapajani nilikuwa na kizibao cha baba yangu. Simu niliishika mpaka ikapata joto la mkono. Kila pikipiki iliyopanda kutoka barabara ya Bugesera niliisikiliza tangu mbali, nikiiomba ikate kona ya kwetu. Zote zilipita zikaenda zake.

Majirani walikuwa wameteremka bondeni na tochi kumtafuta Baba tangu giza lilipoingia. Waliita, wakapiga miluzi, wakarudi na matope mpaka magotini. Walichokipata ni hicho kizibao. Hakikuwa kimeanguka wala kuraruka. Kilivishwa kwenye mti uliochomekwa ardhini kando ya majani marefu, vifungo vyote vimefungwa, kama mama anavyomvalisha mtoto wa kwenda shule.

Na mimi mchana kutwa nilikuwa nikikitazama. Tangu huku juu, penye jiko langu la mandazi, niliona ile alama nyekundu imetulia mahali pamoja, nikajisemea, leo Baba hazunguki, leo amepata kivuli. Nikageuza mandazi yangu nikiwa na moyo mweupe. Kumbe nilikuwa nachunga mti.

Ndani ya kizibao, upande wa moyo, nilishona kitambaa cheupe chenye namba yangu ya simu, kwa uzi mweusi, ili maji yasiifute. Nilidhani nimefikiria kila kitu. Kwamba mwenyewe angeweza kukivua, hilo halikunijia.

Nyiransabimana, jirani yangu wa ng'ambo ya njia, alikuja na chupa ya chai akakaa chini karibu yangu. Yeye hakuteremka na wenzake. Bondeni hashuki kabisa, hata mchana. Ana mambo yake na mafunjo yale tangu alipokuwa msichana, na hapa kwetu mtu haulizwi.

"Kunywa, Mama Natacha," akasema. "Ukizimia hapa nani atakubeba? Mwili wenyewe wa mandazi."

"Haipiti."

"Basi nishikie kikombe, ninywe mimi."

Akanywa kweli. Tukakaa hivyo, yeye akinywa, mimi nikisikiliza pikipiki, mpaka kwarara wa kwanza wakapita juu wakipiga kelele zao za asubuhi, na bado sikuwa na habari yoyote.

Baba yangu anaitwa Gakwaya. Tulirudi naye kutoka Karagwe, Tanzania, nilipokuwa nimetoka kumaliza darasa la saba, na shule yangu ikaishia hapo. Kule alichunga ng'ombe wa watu. Hapa Kigali hakukuwa na ng'ombe wa kuchunga, akapata kazi ya bustani katika nyumba moja kubwa upande wa Kanombe, akakaa hapo mpaka mvi zikamjaa.

Miaka ile nyumba nyingi za wenye uwezo, na hoteli pia, zilifuga korongo wenye taji, ndege tunaowaita imisambi. Ndege huyo alipendeza kwenye majani yaliyokatwa vizuri, akitembea polepole kama mwenye nyumba, na watu walisema kwamba panapolala umusambi pana amani. Lakini ili alale hapo lazima asiweze kuruka, na kumfanya asiweze kuruka ilikuwa kazi ya mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yangu. Alimfunika ndege kichwa kwa kipande cha kitenge, akambana kwapani, akamkata manyoya makubwa ya bawa la kulia kwa mkasi wa fundi cherehani.

"Bawa moja tu," alikuwa akitueleza mezani, hata kama hakuna aliyeuliza. "Ukikata yote mawili, ataruka vibaya lakini ataruka. Ukikata moja anaegemea upande. Anaanguka. Anajaribu tena, anaanguka. Halafu siku moja anaacha."

Manyoya huota tena. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikikata na impeshyi ikianza, yaani kiangazi chetu kirefu, wakati majani ya bustani yanapoacha kukua na mtu wa bustani hana kazi nyingi, Baba aliweka mkasi mfukoni akazunguka nyumba kwa nyumba, kutoka Kanombe mpaka Kimironko. Walimngojea kama wanavyomngojea fundi wa maji. Mimi na mdogo wangu Benon tulivaa na kula kwa mkasi ule.

Kisha mambo yakabadilika. Ikaamuliwa kwamba korongo si wa kufugwa majumbani. Walikuja watu wa ndege, wakawapima, wakachukua waliodhoofika kwenda kuwatunza, na wenye afya wakaachwa manyoya yaote ili warudi mabondeni. Yule wa kwa bosi wa Baba alikuwa mzima. Manyoya yakaota. Siku ya kumwachia, wakafungua geti, na ndege akatembea mpaka kizingitini akasimama. Wakapiga makofi. Wakamtisha kwa ufagio. Akarudi ndani kulala mahali pake. Hili nalo Baba alilisimulia mara nyingi mno, nami nilikuwa nikiitikia huku nakanda unga. Alisema aliwaambia wote waondoke. Akaweka jembe begani, akatoka getini mbele ya ndege kama mtu anayekwenda shambani, akampa mgongo.

"Hukugeuka, Babu?" Natacha, binti yangu, alikuwa akimuuliza kila mara, kwa kumfurahisha tu.

"Ukigeuka anajua unamngoja. Akijua unamngoja, hatoki."

Ndege akamfuata mpaka kwenye uwanja wa majani, na baada ya muda akaenda zake.

Baba alipoacha kazi akaja kukaa nami hapa Gahanga, nyumba ya mteremkoni, juu ya bonde. Kwanza alisahau majina ya watu wa redioni, nikacheka. Kisha akasahau la Natacha, na hapo kicheko kiliisha. Lakini bonde hakulisahau. Mwishoni mwa Mei mvua zilipokata, akaanza kushuka kila asubuhi, na jioni kurudi na habari.

Huo ndio wakati ambao bonde linageuka. Ukungu wa asubuhi unabaki mpaka jua limepanda, ukichanganyika na moshi wa tanuri za matofali. Vyura waliotupigia kelele miezi yote ya mvua wanapungua, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka usiku mmoja unagundua kwamba kinachokunyima usingizi ni ukimya. Maji yanarudi katikati, na watu wanayafuata na majembe kupanda maharage na viazi vitamu. Baba alisema ndege fundichuma anatembea mferejini akitikisa tope kwa mguu, kama mwanamke aliyepoteza hereni. Alisema ameona mavi ya fisi-maji juu ya jiwe, yamejaa magamba ya kaa. Alisema nzohe, yule swala wa majini, amelala kwenye mafunjo na ameacha umbo lake, na sikumwamini mpaka wakata majani wakasema hivyo hivyo. Na katikati ya yote alisema korongo wawili wamelaza majani marefu karibu na mfereji wa pili, wakatengeneza tandiko, na jike ameanza kulala juu yake.

"Wana pete miguuni?" niliuliza. Nilijua anatafuta kitu gani. Waliorudishwa walivishwa pete.

"Huyu hana. Nangoja yule mwingine ainue mguu."

Alikuwa akingoja hivyo kila siku. Hakuwakaribia. Alikaa upande wa pili wa mfereji, mikono magotini.

Mimi nilikuwa naogopa mfereji, naogopa jua, naogopa barabara. Ni Natacha, anayefanya usafi kwenye uwanja wa ndege, aliyeniletea kizibao chekundu cha motari, hawa madereva wa pikipiki wa mjini. Alikipata kwa rafiki yake aliyeacha kazi hiyo.

"Mvalishe, Mama. Utamwona hata ukiwa Tanzania."

Basi wajenzi waliokuja kununua mandazi wakapata wa kumtania. "Muzehe, unanipeleka Nyabugogo?"

"Panda," Baba anawajibu, "lakini tairi iko na pancha."

Hivyo ndivyo nilivyoishi mwezi wa Juni: jicho moja kwenye mafuta yanayochemka, jicho moja bondeni. Yeye anatazama ndege, mimi namtazama yeye. Nilijua akisimama, nilijua akikaa, nilijua akienda haja. Jioni macho yaliniuma kama nimeshona usiku kucha bila taa. Na siku ile moja iliyokuwa muhimu, nilitazama mti.

Jua lilikuwa limekwisha kutoka pikipiki mbili zilipokata kona ya kwetu. Ya kwanza ilimbeba mwanamume wa makamo nisiyemjua. Ya pili ilimbeba Baba, helmeti imemshuka mpaka puani.

Nyiransabimana ndiye aliyekwenda kumshusha na kumvua ile helmeti. "Muzehe, sisi tunalia huku, wewe unatembezwa mji!"

Yule mwanamume alijitambulisha kwa jina la Mugenzi, mlinzi wa ile nyumba ya Kanombe ambako Baba alifanya kazi. Wenye nyumba wamebadilika, mlinzi amebaki.

"Alikuja jioni akabisha geti," akasema. "Akasema amekuja kukata manyoya. Nikamwambia, mzee wangu, ndege aliondoka zamani, hata bosi aliondoka. Akasema basi atasubiri ndege arudi. Nikamweka kibandani kwangu, nikampa blanketi."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nimpigie nani, mama? Nilimpapasa mifuko yote. Ana mkasi tu. Nikamuuliza, namba ya binti yako ni ngapi? Akasema, imeshonwa."

Niliinamia kizibao nikashindwa kujua kama ninalia au ninacheka.

"Asubuhi ndiyo akakumbuka Gahanga," Mugenzi akaendelea. "Akasema anakaa juu ya bonde, kwa mwanamke wa mandazi. Motari wa tatu tuliyemuuliza akasema anakujua, una deni lake la chenji."

"Mwongo huyo," nikasema.

Nilimnawisha Baba miguu. Ilikuwa imevimba. Nilimuuliza taratibu, kwa nini alivua kizibao.

"Wakata majani wameanza," akasema, akinishangaa kwa kutoelewa. "Wakiona mtu amesimama hawakati. Na mimi nilikuwa na kazi Kanombe. Impeshyi imeingia."

Benon alikuja siku hiyo hiyo kutoka Kimironko, ambako ana duka la vitambaa. Alikuja na mnyororo na kufuli kubwa bado liko kwenye karatasi yake. Hakukaa.

"Dada, safari hii umeletewa mtu akiwa hai, kwa pikipiki. Ni bahati. Safari nyingine utaitwa kwenda kumtambua."

"Benon, si mbuzi huyo."

"Ungekuwa na mtu wa kushinda naye ningesema mengine. Unaye? Natacha yuko kazini, mimi niko dukani, wewe uko kwenye mafuta. Sema unaye nani."

Sikuwa na mtu. Akafunga mnyororo kwa nje, maana mimi ninakaangia nje, akanipa ufunguo, akaenda kukaa na Baba kidogo. Nilimsikia akimwambia kuhusu bei za vitenge.

Na nisiseme uongo, nilishukuru. Usiku wa kwanza nililala kama mtu aliyepigwa. Asubuhi nikakaanga mandazi bila kuinua kichwa. Bonde lilikuwa pale pale mbele yangu nami sikuwa na sababu ya kulitazama. Nilikuwa sijui jinsi nilivyochoka mpaka nilipopumzika.

Ua wetu umezungushiwa mabati. Ukiwa ndani huoni bonde, unaona mbingu na paa la jirani. Baba alitembea kufuata yale mabati, bega la kulia likiyagusa, akifika kona anageuka anarudi. Nilisikia lile bega nyuma ya mgongo wangu, shwaa, shwaa, huku nahesabia watu mandazi.

"Geti limeharibika?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo, Baba. Fundi anakuja."

Kesho yake akauliza kama fundi amekuja. Na kesho kutwa. Nikawa nasema amepata udhuru, amefiwa, anatafuta kifaa. Nyiransabimana alinisikia, akavuka njia na beseni lake la nguo.

"Fundi wako anatoka Ulaya kwa miguu?"

"Niache, jirani."

"Nimekuacha. Nauliza tu, nami nina kitasa kibovu, labda akifika anipitie."

Akasimama akilitazama lile kufuli, kisha akasema kwa sauti nyingine, bila mzaha, "Mimi najua kukaa mahali pamefungwa na kusikiliza watu wanaopita nje. Haizoeleki." Akaenda kuanika nguo zake.

Asubuhi na jioni, korongo walipopita wakiita kwa ile sauti yao ya tarumbeta iliyopasuka, Baba alisimama katikati ya ua, akainua uso na kuwasikiliza mpaka wamepotea. Halafu akaanza kusimama mlangoni mwa chumba tu. Halafu akawa hatoki chumbani. Bega halikusikika tena kwenye mabati. Sahani ilirudi na chakula kilichochokonolewa. Jumatano nikagundua kwamba hajauliza habari za fundi tangu siku nyingi, na mkono wangu ukasimama juu ya mafuta, andazi likaungua.

Nikainua kichwa nikatazama bondeni. Wakata majani walikuwa wamekula upande mzima. Yale majani marefu ya karibu na mfereji wa pili yalikuwa yamebaki kama kishungi cha nywele kwenye kichwa kilichonyolewa.

Alhamisi Natacha alikuwa na mapumziko. Nikamwachia ufunguo na babu yake, nikavaa buti, nikachukua kizibao. Nilikuwa sijashuka bonde lile hata mara moja kwa ajili ya kutazama kitu. Nilishuka kwa hofu zangu zote, nikichagua pa kukanyaga. Karibu na mfereji, kabla sijaona tandiko, korongo mmoja alitoka majanini mbele yangu, mkubwa kuliko nilivyodhani, na taji lake la dhahabu limesimama. Aliinama upande. Bawa la kulia lilikuwa limelegea, akaliburuta kwenye tope, akajikwaa, akaanguka, akainuka akaanguka tena mbali kidogo.

Nikasema, huyu ni wa Baba. Huyu amekatwa.

Nikamfuata, nimsaidie sijui vipi. Nilipokuwa nimevutwa mbali ya kutosha, yule ndege akakunja mabawa yake mawili mazima, akayafungua, akaruka juu ya kichwa changu akarudi kule kule tulikotoka. Nikabaki nimesimama kwenye maji kama mjinga. Alikuwa akiniondoa penye watoto wake. Nilirudi polepole, nikachuchumaa upande ule wa mfereji anaokaa Baba, nikaweka mikono magotini. Baadaye majani yakatikisika, mama yao akatoka, na nyuma yake vifaranga wawili wa rangi ya andazi lililotoka mafutani, miguu mirefu isiyojua pa kwenda.

Yule wa kwanza alitua akainua mguu kuondoa tope. Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Majani yalikuwa mbele. Sikuona kama kuna pete au hakuna.

Nilipokuwa nakivisha kizibao kwenye ule mti, sauti ikasema nyuma yangu, "Mama, hicho hakitasaidia."

Alikuwa Silvère, msimamizi wa ushirika wa wakata majani, na mundu mkononi.

"Kilitudanganya siku moja," akasema. "Siku ya pili tukaona hakipumui."

"Kuna watoto wa korongo hapa. Hawajui hata kuruka. Waachie kipande hiki."

"Korongo wako kila mahali, mama. Tungekuwa tunamwachia kila ndege tungekula nini? Hapa tulikuwa tunamwachia mzee. Anashinda hapa, anatutania, watu wangu walisema tukate kwingine kwanza. Sasa haji. Wengine wanasema amekufa."

"Hajafa."

"Yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko nyumbani."

"Basi akija, kipande ni chake mpaka hao watoto wake waruke. Nimesema. Asipokuja, Jumatatu nafika hapa." Akatazama mawingu yasiyokuwepo. "Msalimie. Mwambie pikipiki yake inahitajika."

Nilipanda mteremko nikipumzika kila baada ya hatua chache, kizibao nimekirudisha begani. Baba alikuwa amelala ameelekea ukuta. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

"Wameanguliwa, Baba. Wawili."

Akageuka.

"Baba yao amefanya kama amevunjika bawa?"

"Amefanya. Nikamfuata mpaka majini."

Akacheka, kicheko kidogo kikavu, cha kwanza tangu Kanombe. Halafu akaniuliza, "Geti limepona?"

Nilimpigia simu Benon jioni ile, maana ufunguo aliniachia mimi lakini kufuli ni lake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Utashinda naye wewe?" akauliza. "Na mandazi?"

"Nitakaanga alfajiri na kumwachia Nyiransabimana auze. Nitamwomba Silvère anipe matuta ya maharage kando ya mfereji. Nitalima palepale alipo."

"Utakufa kwa uchovu, Dada."

"Nimeshachoka, Benon. Nachagua wa namna gani."

"Akipotea tena usinipigie."

"Nimpigie nani mwingine?"

Nikasikia mashine ya kukata vitambaa dukani kwake. "Nipigie," akasema, akakata.

Asubuhi yake nilikaanga kukiwa bado giza. Ukungu ulipoanza kung'aa nikatoa mnyororo, nikausukuma mlango wa geti mpaka ukagonga mabati. Baba alikuwa tayari uani, buti zake kubwa miguuni, kizibao nimekifunga vifungo mwenyewe na kupapasa ile namba upande wa moyo. Mkasi niliutoa mfukoni mwake nikauweka kabatini. Hakukataa.

Akatembea mpaka kizingitini. Akasimama.

"Twende, Baba."

Alitazama njia, akatazama mabati ya kulia na ya kushoto. Vidole vyake vilishika nguzo ya geti.

"Pako wazi, Baba. Twende."

Akarudi hatua moja nyuma. Wajenzi wawili waliokuwa wakinunua mandazi kwa Nyiransabimana wakageuka kumtazama. Mmoja akaanza kumwita, "Muzehe, Nyabugogo!" na Nyiransabimana akampiga kofi la mgongoni.

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumvuta, hata kumbembeleza kwa andazi. Kisha nikakumbuka jembe, lililokuwa limeegemezwa ukutani kwa ajili ya maharage yangu. Nikaliweka begani. Nikapita mbele yake, nikatoka getini, nikampa mgongo.

Mimi ni mtu wa kutazama. Nimemtazama Natacha akipumua usiku mpaka alipokuwa mkubwa wa kunikataza. Kutembea bila kuangalia nyuma kulikuwa kama kutembea bila nguo. Nikapita jiko langu. Mbele yangu alikuwa Nyiransabimana, uso wake umeelekea getini kwangu, akiona kila nisichokiona. Nikajaribu kusoma habari kwenye ule uso.

"Usinitazame mimi," akasema kwa pembe ya mdomo. "Tembea. Mimi nauza mandazi."

Nikatembea. Nikafika kwenye mikaratusi, pale njia inapoanza kuteremka na bonde linapofunguka lote, jeupe kwa ukungu, na mahali fulani ndani yake korongo akaita mara moja. Nilipunguza mwendo bila kusimama. Nilisikia wajenzi wakiongea huko juu, nikasikia mtoto wa mtu akilia. Kisha nikasikia buti. Zilikuwa zile kubwa zisizomkaa vizuri, zikipiga visigino, pwa, pwa, kwanza polepole, halafu sawasawa na zangu.

Sikugeuka. Nyuma yetu geti lilikuwa likigonga mabati kwa upepo, na hakuna aliyerudi kulifunga.